Ndoo Nyepesi

Kama kuna kitu kinachonipandisha hasira upesi, ni maji kupotea halafu kila mtu aseme si yeye. Mimi ni fundi bomba. Nimeshaingia chini ya masinki ya watu, nimeshatambaa juu ya dari kutafuta unyevu, na neno ninalolikuta kila nyumba ni lile lile: "Sisi hatujagusa kitu." Sawa, hamjagusa. Basi maji yana miguu.

Kwa hiyo fikirini hali yangu siku daktari wa uzazi alipopitisha kile kifaa chake juu ya tumbo langu, akakodolea kioo, akaniambia nina maji mengi kupita kiasi, na mwenye kuyajaza ni mtoto mwenyewe. Alisema watoto wote hukojoa tumboni, kisha huyameza maji yale yale, na mambo huenda sawa. Wangu alikuwa anakojoa kuliko anavyomeza. Nilikuwa nimebeba tangi ambalo boya lake limekwama.

"Sasa koki yake iko wapi, tuifunge?" nikamuuliza.

Akadhani natania. Akaandika kitanda.

Nililazwa nikaambiwa nilalie ubavu wa kushoto na nisiinuke isipokuwa kwenda chooni. Mimi huyu, ambaye kwetu mama yangu alikuwa akinifunga na khanga mgongoni mpaka nimekuwa mkubwa kwa sababu sikai! Walinitoa maji kwa sindano ndefu, tumbo likashuka, nikapumua, na kabla ya wiki kuisha likawa limejaa tena. Nilikuwa nikigeuka, nasikia linagota kama dumu. Usiku silali, mchana silali, na ukuta wa kushoto niliujua ufa kwa ufa.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipokuja kunihudumia. Mtaani kwao wanamwita Mama Pasi. Amefanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli tangu ujana mpaka walipompa saa ya ukutani na kumwambia pumzika. Mama Pasi hawezi kuona kitambaa kilicholowa akakiacha. Ukiweka taulo bichi kwenye kiti, huna haja ya kusema, limeshakamuliwa, limeshakung'utwa mara mbili, pah! pah!, na limeshaanikwa. Na mdomo nao haupumziki. Siku ya kwanza tu alisimama juu yangu akiwa bado na mkoba begani.

"Tumbo limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita, mama."

"Na ukanyamaza, unapanda ngazi na mabomba yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Sijasema mimi, wamesema wahenga."

"Wahenga hawakuwa na kazi ya kumaliza," nikamjibu. Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea.

Chupa ilipasuka asubuhi moja kabla ya wakati wake. Yalimwagika maji mpaka chini ya kitanda cha jirani, na Mama Pasi akashika dekio badala ya kushika mkono wangu. Nilipasuliwa. Mtoto akatoka mdogo, mwekundu, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na kitu cha kwanza alichofanya hapa duniani ni kumkojolea daktari. Wote walicheka isipokuwa yule aliyekojolewa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Tukahamishiwa chumba cha mwisho, mwisho kabisa wa korido, mimi, mtoto na Mama Pasi. Wadi kubwa ilikuwa na kikohozi kibaya, kwa hiyo mlango wetu ulifungwa na amri ikawa moja: mama wa mtoto hatoki, wageni hawaingii. Mhudumu wa mgonjwa tu, yaani Mama Pasi, ndiye aliyeruhusiwa kupita mlango wa nyuma kwenda uani kufua. Kitanda changu, kitanda cha kioo cha mtoto chenye joto lake, kiti kimoja cha plastiki, meza ndogo, jamvi la Mama Pasi, sinki. Dirisha lilikuwa limepakwa rangi nyeupe mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima, watu wasichungulie. Ukitaka kuona mbingu uinue shingo.

Na koki ya lile sinki ilikuwa inavuja. Ti. Ti. Ti. Mchana kutwa, usiku kucha. Mtu mwingine angezoea. Mimi nilijua ni mpira tu umekwisha, kitu cha muda wa kunywa chai. Baba mtoto, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa akija jioni na kusimama nje ya dirisha tuongee bila kuonana. Jioni moja akasema:

"Nikuletee spana? Nitaipitisha kwa Sista."

"Usiniletee," nikamwambia. "Mtu hatengenezi koki ya nyumba anayohama kesho."

"Kesho gani?"

"Kesho yoyote! Unabishana nini na wewe?"

Ni mtu mzuri, ila ukuta ulikuwa katikati yetu na mimi nilikuwa nagombana na kila kilichokuwa upande wa pili wa ukuta.

Daktari wa watoto ndiye aliyetueleza mtoto ana nini. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, hana haraka hata akiwa na haraka. Alivuta kile kiti cha plastiki, akakaa.

"Mwilini kuna homoni," akasema. "Ni mjumbe tu. Chumvi ikipungua, homoni inatumwa kwenye figo kusema: shikeni chumvi, msiiachie. Figo zikiishika chumvi, maji nayo yanabaki, kwa sababu maji hufuata chumvi. Kwa mtoto wenu homoni ipo, tena nyingi mno. Inapiga kelele. Figo ndizo hazisikii. Chumvi inatoka, maji yanaifuata. Alianza tumboni, ndiyo maana mama ulijaa vile. Sasa hana tena bwawa la kuogelea. Akitoa, amepoteza."

"Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi," akasema Mama Pasi.

"Kabisa, mama. Ndivyo hivyo."

"Kama huyu," Mama Pasi akaninyooshea kidole. "Nasema, nasema. Hasikii."

Mtu ana mshono tumboni, mtoto mgonjwa, bado anasemwa! Lakini nilielewa, na nilipoelewa niliogopa vibaya sana. Ugonjwa wenyewe una jina refu, siwezi kuwatajia bila kujing'ata ulimi. Dawa ya kuzituliza figo ipo, daktari akasema, lakini mtoto awe na nguvu kidogo kwanza. Mpaka hapo kazi ilikuwa moja: kinachotoka kirudishwe. Mkojo wake upimwe, na alichopoteza arudishiwe kwa dripu yenye chumvi na kwa mpira mwembamba uliopita puani.

Na kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Nepi zilikuwa za kitambaa, za hospitali, na uzito wake zikiwa kavu ulijulikana. Nepi ikilowa inavuliwa, inatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya sinki. Sista anapita na mizani yake, anapima moja moja, anatoa uzito wa kitambaa, kilichobaki ndio mkojo. Kwa hesabu hiyo dripu inaongezwa au inapunguzwa. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema watu. Chumbani kwetu yalikuwa yanazoleka, tena kwa gramu.

Mtoto alikojoa! Wauguzi wakampa jina la Mheshimiwa, maana wote tulikuwa tunamsubiri yeye atoe. Ndoo ilikuwa ikijaa, Sista anainyanyua kwa mikono miwili, anaguna. Mimi sikuweza kuinama kwa sababu ya mshono, kwa hiyo kumbadilisha ilikuwa kazi ya Mama Pasi. Yeye anavua, anafuta, anafunga, anatia ndooni. Mimi nakamua maziwa na kuhesabu matone ya koki.

Ikaenda hivyo mpaka sikujua tena leo ni siku gani. Harufu ya ile ndoo ilinikaa kooni. Jioni moja baba mtoto alipoondoka dirishani, nilisikia viatu vyake vinakwenda, vinakwenda, mpaka vikatokomea barabarani pamoja na vya watu wengine, watu wanaokwenda wanakotaka. Nikaanza kulia, si kulia kwa adabu, kulia kwa kupiga ukuta. Nilisema maneno mengi. Moja ninalolikumbuka ni hili: "Mama, nisipotoka humu nitakufa. Nakuambia kweli, nitakufa."

Mama Pasi aliufuta uso wangu kwa kitambaa kibichi, halafu akakikamua, akakianika kwenye chuma cha kitanda.

Kesho yake alimkaba Sista mlangoni. Nilimsikia.

"Huyu binti atatoka lini?"

"Mama, mimi si daktari. Lakini ndoo ikianza kuwa nyepesi, tutaanza kuzungumzia nyumbani."

"Ndoo ikiwa nyepesi."

"Ndiyo, mama. Mkojo ukipungua."

Na haikuchukua muda, ndoo ikaanza kuwa nyepesi.

Mngeniona! Sista aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaitikisa, akasema, "Mheshimiwa leo ana roho ya huruma." Nikapiga kigelegele palepale kitandani, mshono ukanichoma, sikujali. Mungu mkubwa! Nikaanza kupanga nitavaa nini siku ya kutoka. Mama Pasi hakupiga kigelegele. Alisema tu, "Umeona?" akabeba beseni lake la nguo kwenda uani. Nguo zetu zilikuwa chache, na bado alikuwa anakwenda kufua kila mara. Sikushangaa. Ni Mama Pasi yule, angefua hata maji yenyewe.

Asubuhi iliyofuata daktari alikaa tena kwenye kiti, na akikaa ujue kuna jambo. Alimgusa mtoto utosini, akamvuta ngozi ya tumbo, akasoma karatasi ya Sista, akamgusa tena.

"Kwa hesabu hii mkojo umepungua sana," akasema. "Lakini uzito wake wa leo umeshuka. Havilingani. Kama mkojo umepungua kweli, nikiendelea kumpa maji mengi hivi nitamzamisha. Kama haujapungua, nikimnyima nitamkausha. Kuna nepi iliyopotea? Iliyotupwa kwa bahati mbaya?"

Sasa mimi, mtu anayeambiwa "hatujagusa" kila nyumba anayoingia, nilijibu nini? Nilifura.

"Daktari, chumba chenyewe unakiona. Nepi ipotelee wapi? Itoke kwa miguu? Hatujagusa kitu!"

Nikamgeukia Mama Pasi aniunge mkono. Alikuwa anakunja shuka. Akasema, "Nepi ni za hospitali, sisi tuzipeleke wapi," na akaendelea kukunja.

Daktari alituangalia sote wawili. "Sawa. Mizani ya mtoto nayo ina ukorofi wake. Nachukua damu, majibu yakija mchana tutajua. Kwa sasa nipunguze dripu kidogo tu." Akaipunguza kwa mkono wake. Matone yakawa machache kuliko ya koki.

Mpaka jua linafika ule upande wa juu wa dirisha ambao haukupakwa rangi, mtoto alikuwa amebadilika. Halii. Mheshimiwa wetu, ambaye akiguswa mguu tu korido nzima ilikuwa inajua, alikuwa amelala huku macho hayajafumba vizuri. Nilimtia kidole mdomoni, ulimi ukanigandia. Mama Pasi alikuwa ameshatoka na beseni. Nikabonyeza kengele ya kumwita Sista, na wakati namsubiri nikasema nimbadilishe mwenyewe, mshono ukipasuka na upasuke.

Nikafungua, nikaishika ile nepi, mkono wangu ukashuka.

Ilikuwa nzito, nzito kama dekio lililotoka kwenye ndoo. Mtoto mkavu mdomoni, kakauka mpaka utosi umebonyea, na bado alikuwa anatoa vile vile kama siku ya kwanza. Figo zake zilikuwa hazijasikia habari yoyote ya kupungua. Nikafunua ndoo niitie ndani. Ndoo ilikuwa na nepi moja tu, na imelowa upande mmoja.

Huko kwenye kazi yetu kuna jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja analijua. Tangi linashuka na mita haizunguki, usiilaumu mita. Kuna mtu ameunganisha bomba lake kabla ya mita.

Nilivuta kiti cha plastiki mpaka dirishani. Nilipanda. Tumbo liliniuma mpaka nikaona nyota, nikashika fremu, nikachungulia juu ya ile rangi.

Uani kulikuwa na kamba imevutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Na kwenye kamba hiyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pembe kwa pembe, zimenyooshwa vizuri utadhani za hoteli, zilikuwa nepi. Nyeupe pe! Mama Pasi alikuwa katikati anakung'uta nyingine. Pah! Pah!

Sijui nilipiga ukelele gani. Sista aliingia mbio akadhani nimeanguka. Nikamwambia, "Mwite daktari, mtoto anakauka, nepi ziko kambani." Hakuuliza mara mbili.

Daktari alipofika, karatasi ya damu ilikuwa mkononi mwake tayari, na uso wake ulionyesha kwamba damu imesema yale yale niliyoyaona mimi. Alifungua dripu, akaagiza dawa ya chumvi, mikono inakwenda upesi na sauti iko chini vile vile. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, Mama Pasi akaingia na beseni tupu kiunoni.

Nilimrukia kwa maneno. Sitawaficha, sikumwita mama. Nilimwambia, "Wewe mwanamke unamuua mwanangu!" Nikamwambia hoteli yake na pasi yake na usafi wake aende navyo kaburini. Alisimama tu pale na beseni lake. 

"Mama," daktari akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwa mtoto, "sina haja ya kukulaumu. Nimeshaanza kumrudishia, ila sitaki kukisia. Nikimpa kidogo hatoshelezwi, nikimpa mengi kwa mara moja ubongo wake utavimba. Niambie ulifua nepi ngapi ambazo hazikupimwa."

"Mbili," akasema Mama Pasi.

"Mbili?"

"Mbili tu. Zilikuwa zimechafuka."

Kamba nzima nimeiona kwa macho yangu! Nikafungua mdomo nimuumbue, kisha nikamtazama. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Alikuwa amelishika lile beseni kwa mbele kama mtu anayejifunika. Na alikuwa ananiangalia mimi, si daktari.

"Ulisema utakufa," akaniambia polepole. "Ulipiga ukuta. Sista akasema ndoo ikiwa nyepesi mtatoka. Mimi nikasema watoto wote wanakojoa, mkojo una nini? Ni mkojo tu. Nikasema nikutoe humu kwanza."

Sikujua niweke wapi hasira yangu. Yaani bado ilikuwepo, nzima, imenijaa kifuani, lakini haikuwa na pa kwenda. Mtu niliyekuwa nagombana naye tangu siku ya kwanza alikuwa amelala chini ya kitanda changu kwenye jamvi, kila siku ya Mungu, akitafuta njia ya kunifungulia mlango. Na mlango alioupata ulikuwa unapita juu ya mtoto.

"Mama," nikamwambia, na safari hii nilimwita mama. "Tafadhali. Daktari anahitaji zote."

Aliweka beseni chini, akatoka.

Alikaa muda mpaka nikadhani amekimbia. Aliporudi alikuwa amezikumbatia zote, kavu kwa mbichi, zimefika kidevuni. Na kumbe hata katika hali ile mikono yake ilikuwa imezikunja, kila moja mraba, pembe kwa pembe. Alizipanga moja moja mezani mbele ya daktari, na kila alipoweka moja alisema: "Hii ya jana asubuhi. Hii ya jana, amelala. Hii ilikuwa nzito. Hii nzito sana. Hii ya leo." Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya zile nepi na hakuyafuta, yeye ambaye haachi tone likauke lenyewe. Sista alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa nasikiliza maji ya mwanangu yanarudishwa mezani, moja baada ya nyingine, na nilihisi kila moja.

Daktari alijumlisha, akaikadiria upya dripu, akakaa. Alikaa kwenye kile kiti mpaka taa za korido zikawashwa. Wakati wote huo sisi wawili tulisimama upande huu na huu wa kitanda cha kioo, mikono ndani, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa mtoto. Baba mtoto alikuja dirishani akaita, nikamjibu, "Subiri hapo hapo, usiende," akasubiri bila kuuliza. Koki ilisema peke yake.

Kwanza utosi ulijaa kidogo. Halafu akavuta midomo. Halafu, jamani, akalia! Kilio kikavu, kidogo, cha kudai. Nje ya dirisha nilimsikia baba mtoto anasema, "Ndiye yule? Ndiye yule?" na sauti yake imekatika. Ndiye. Nilikaa sakafuni nikalia nikiwa nimeukumbatia mguu wa kitanda.

"Amelowa," akasema Mama Pasi.

Ilikuwa nepi ya kwanza tangu alipozidiwa. Aliivua yeye. Niliona vidole vyake vinataka kukamua kwa mazoea ya miaka yote ile, vikajizuia. Hakuitia ndooni. Aliishika kwa viganja viwili, imetandazwa, tone lisidondoke, akausukuma mlango kwa nyonga na kuingia koridoni, kule kwenye meza Sista anapoweka mizani yake, mbele ya wauguzi wote na wahudumu wa watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi.

"Pisheni!" nikamsikia. "Pisheni njia, mkojo wa mjukuu wangu unapita!"

Watu wakapisha. Wengine walicheka, na mmoja akapiga makofi. Mama Pasi hakumwangalia mtu.

Alirudi na Sista nyuma yake, na Sista alikuwa ameshika karatasi kama mtu mwenye habari asiyejua aanzie wapi.

"Ni nzito," akasema. "Nzito kweli. Hiyo ni kawaida yake, ndivyo alivyo. Sasa tunajua." Akanitazama mimi. "Ila kutoka, mama... bado sana. Tusidanganyane."

Nilisubiri ukuta unijie. Nilisubiri ile pumzi inayokatika. Mama Pasi alikuwa ameshachukua nepi kavu juu ya rundo, anamfunga mtoto, mgongo ameupa mlango.

"Basi tutakaa," akasema.

Niliinuka nikiwa nimeshika mshono, nikaenda chini ya dirisha. Baba mtoto bado alikuwa pale, nilisikia kiatu chake kinakwaruza changarawe.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kesho," nikamwambia, "niletee spana. Na mpira wa koki, ule wa nusu inchi."